Profesa wa Chuo Kidogo na Mwajiri Wake

Katika vyuo vidogo vya Marekani kuna msemo usiochuja, unaohusishwa na James Garfield, aliyehitimu Williams College mwaka 1856 na baadaye akawa rais wa nchi. Msemo huo unadai kuwa chuo kizuri hakihitaji zaidi ya gogo moja, mwanafunzi ameketi upande huu na Mark Hopkins upande ule. Hopkins alikiongoza chuo cha Williams tangu 1836 hadi 1872, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho walipita mikononi mwake katika somo la falsafa ya maadili. Tangu hapo gogo hilo limetumika kuvisifu vyuo vya aina hii: vyuo vya shahada ya kwanza, vyenye wanafunzi mia kadhaa au elfu mbili tatu, vinavyofundisha fasihi, falsafa, historia, sayansi na sanaa pasipo kumfunga mwanafunzi kwenye kazi moja. Sifa yenyewe si ya uongo. Wangari Maathai alisomea baiolojia katika chuo kama hicho, Mount St. Scholastica cha masista Wabenedikti huko Atchison, Kansas, akahitimu mwaka 1964. Kabla yake Kwame Nkrumah na Nnamdi Azikiwe walipitia Lincoln University, chuo kidogo cha Pennsylvania. Lakini msemo wa gogo unapita kimya juu ya jambo moja, kwamba Hopkins alikuwa rais wa chuo, na kwa hiyo mtu aliyeketi upande wa pili wa gogo alikuwa ndiye mwajiri. Maprofesa wengine wa Williams hawatajwi walikoketi. Nitadai hapa kwamba uhuru wa profesa wa Marekani, yaani haki ya kufundisha analoliona kuwa kweli bila kuhofia kufukuzwa kesho yake, ulidaiwa na kuandikwa kwa sehemu kubwa kutokana na magomvi ya vyuo vidogo, na kwamba ukaribu wa watu ndani ya vyuo hivyo haukuuleta. Ukaribu ulikuwa sehemu ya tatizo. Kilichomlinda mwalimu ni maandishi, pamoja na wenzake waliokuwa mbali naye.

Tuanze na jinsi nyumba yenyewe ilivyojengwa. Vyuo vya kwanza vya Marekani viliwekwa mikononi mwa wadhamini kutoka nje, wengi wao wachungaji, kisha wafanyabiashara na mawakili, ambao ndio waliomteua rais na kumiliki mali yote. Rais alikuwa mchungaji, mtoza michango, mlinzi wa nidhamu na mwalimu mkuu kwa wakati mmoja. Chini yake walikuwapo maprofesa wachache, na chini yao vijana waliomaliza masomo majuzi tu, ambao wengi walikuwa wakingoja kupata kanisa la kuhubiri. Kazi ya kila siku ilikuwa kuwasikiliza wanafunzi wakikariri. Kijana alisimama, akayatoa maneno ya kitabu cha Kilatini au Kigiriki kama yalivyoandikwa, mwalimu akampa alama, akaitwa mwingine. Mwalimu wa namna hiyo hakutarajiwa kuwa na rai yake mwenyewe, na aliyekuwa nayo alilipa. Henry Dunster, rais wa kwanza wa Harvard, alikijenga chuo hicho tangu 1640 kilipokuwa bado kichanga, lakini alipofikia imani kwamba watoto wachanga hawapaswi kubatizwa, ilimlazimu kuondoka mwaka 1654. Harvard ya wakati ule ilikuwa ndogo kuliko shule nyingi za sekondari za leo. Kila mtu alimjua Dunster na kazi yake ilionekana kwa macho. Kujulikana huko hakukumfaa kitu, kwa maana hata imani yake ilikuwa haiwezi kufichika.

Mara nyingi hutajwa kesi ya Dartmouth kuwa ndiyo ngao ya vyuo binafsi, na kwa kiasi fulani ni kweli. Mwaka 1816 jimbo la New Hampshire lilipitisha sheria ya kukitwaa chuo cha Dartmouth na kukifanya chuo kikuu cha serikali. Wadhamini walikataa, wakamweka wakili Daniel Webster, aliyekuwa amesoma hapohapo, na mwaka 1819 Mahakama Kuu ya Marekani chini ya John Marshall ikaamua kwamba hati ya kuanzishwa kwa chuo ni mkataba ambao jimbo haliwezi kuuvunja. Uamuzi huo uliwapa watu binafsi na madhehebu ujasiri wa kufungua vyuo vyao bila hofu ya kunyang’anywa, na katika karne ile vikachipuka kila upande. Lakini tuangalie ulimlinda nani. Uliwalinda wadhamini dhidi ya serikali. Profesa dhidi ya wadhamini hakupata chochote. Alibaki mtu anayeajiriwa kwa hiari yao na kuachishwa kwa hiari yao, ila sasa hata bunge la jimbo halikuweza kuingilia kati. Kadiri vyuo vilivyoongezeka, ndivyo walivyoongezeka walimu walioishi chini ya utaratibu huo, katika miji midogo ambako mdhamini, mchungaji, mfadhili na jirani waliweza kuwa mtu mmoja.

Mahali ambapo utaratibu huo ulitikiswa mapema ni Oberlin, katika jimbo la Ohio, na waliousukuma walikuwa wamefukuzwa kwingine. Mwaka 1834 wanafunzi wa seminari ya Lane mjini Cincinnati walifanya mjadala mrefu kuhusu utumwa, wakatoka humo wengi wao wakitaka ukomeshwe mara moja. Wadhamini, wakiuangalia mji uliofanya biashara na majimbo ya watumwa ng’ambo ya mto, wakapiga marufuku mijadala hiyo na kumwachisha kazi John Morgan, profesa aliyekuwa upande wa wanafunzi. Wengi wa wanafunzi wakaondoka. Oberlin, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu na mfuko mtupu, ikawataka wao na fedha za wafadhili wao wa New York. Masharti waliyokutana nayo viongozi wa Oberlin yalikuwa mawili. La kwanza ni kwamba wanafunzi weusi wapokewe sawa na weupe. La pili, ambalo halitajwi sana, lilishikiliwa na mhubiri Charles Finney kabla hajakubali kwenda kufundisha huko: mambo ya ndani ya chuo yaachwe kwa walimu, wadhamini wasiyaingilie. Mwezi Februari 1835 kura za wadhamini zikagawanyika nusu kwa nusu, na mwenyekiti John Keep akaipa ushindi hoja ya kuyakubali masharti hayo kwa kura yake. Morgan akapata kazi Oberlin. Katika chuo hicho Mary Jane Patterson, mwanamke mweusi, alipata shahada mwaka 1862, wakati utumwa ulikuwa bado halali katika majimbo ya Kusini. Somo la Oberlin ni kwamba walimu hawakuridhika na wema wa wadhamini wapya, ingawa walikuwa ndugu zao katika imani na katika siasa. Walikuwa wameona Lane jinsi wema unavyogeuka mfadhili anapokunja uso, kwa hiyo wakataka neno lililopigiwa kura.

Hata hivyo, Oberlin ilikuwa makubaliano ya chuo kimoja. Hatua ya kuyafanya yawe ya nchi nzima ilitoka Easton, Pennsylvania, katika chuo cha Lafayette kilichofungamana na kanisa la Presbiteri. Huko John Moffatt Mecklin alikuwa akifundisha falsafa na saikolojia, naye alitumia vitabu vya wakati wake, vilivyoitazama dini kama jambo lenye historia na makuzi. Rais wa chuo, Ethelbert Warfield, aliona kuwa mafundisho hayo yanapingana na imani ya kanisa, na mwaka 1913 Mecklin akalazimika kujiuzulu. Kufikia hapo kisa hiki hakina jipya, kwani walimu wengi walikwisha kuondoka vyuoni kwa njia hiyo, kila mmoja na mizigo yake na kimya chake. Safari hii vyama viwili vya kitaaluma, cha wanafalsafa na cha wanasaikolojia, viliunda kamati ya pamoja ya kuchunguza, ikiongozwa na Arthur Lovejoy wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Kamati ilimwandikia Warfield kumwomba maelezo, naye akakataa kuyatoa, kwa kuwa hakuona wageni hao wana haki gani ya kumhoji. Kamati ikachapisha ripoti yake. Haikusema kwamba chuo cha kanisa hakina haki ya kuwa na imani. Ilisema kwamba chuo chenye mipaka kinapaswa kuitangaza, ili mwalimu aijue kabla ya kuvuka kizingiti, na kwamba mtu hawezi kuondolewa kwa kosa ambalo halikuwahi kuandikwa popote. Mwaka 1914 Warfield mwenyewe akaondoka Lafayette.

Kisa hicho kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma Lovejoy na wenzake kuwaita maprofesa wa nchi nzima New York mwezi Januari 1915, wakaanzisha Chama cha Maprofesa wa Vyuo Vikuu vya Marekani. John Dewey akawa rais wake wa kwanza, Lovejoy katibu. Mwishoni mwa mwaka uleule chama kilitoa tamko la misingi, na ndani yake mna fikra iliyobadilisha mazungumzo: wadhamini humteua profesa lakini hawamwajiri kwa maana ya kawaida, kama vile rais wa nchi anavyomteua jaji bila kuwa bwana wa hukumu zake. Miaka 25 baadaye, mwaka 1940, chama kilikubaliana na umoja wa vyuo vya Marekani, ambao ndani yake sauti za marais wa vyuo vidogo zilikuwa na uzito mkubwa, juu ya taarifa ya pamoja inayotumika hadi leo. Muda wa majaribio wa mwalimu usizidi miaka 7. Akithibitishwa, asiondolewe isipokuwa kwa sababu ya kutosha, kwa kustaafu, au chuo kikiishiwa fedha kikweli. Na kama chuo kina mipaka inayotokana na dini au malengo mengine, mipaka hiyo iandikwe waziwazi wakati wa kumwajiri. Sharti hili la mwisho ni kisa cha Mecklin kilichogeuzwa kanuni. Profesa aliyepata ulinzi kwa sentensi hiyo katika chuo cha California huenda hakuwahi kusikia jina la Easton.

Hapa msomaji makini ataleta pingamizi. Je, si vyuo vikuu vikubwa vilivyoleta yote haya? Lovejoy alitoka Johns Hopkins, Dewey alikuwa Columbia, na wengi wa waasisi walikuwa wamesoma Ujerumani, wakarudi na wazo la profesa mtafiti aliye huru. Aidha, kisa kilichovuma kuliko vyote kilitokea Stanford mwaka 1900, Edward Ross alipoondolewa kwa matakwa ya Jane Stanford, mjane wa mwanzilishi. Pingamizi hili lina haki yake, nami sikatai kwamba wazo na kalamu vilitoka vyuo vikubwa. Lakini wazo la Kijerumani halikuweza kuhamishwa lilivyo. Profesa wa Berlin alikuwa mtumishi wa dola mwenye cheo cha kudumu, na hakuwa na mdhamini mwenye duka mtaa wa pili. Tatizo la Marekani lilikuwa wadhamini kutoka nje na rais mwenye nguvu zote, na mfumo huo ulizaliwa na kukomaa katika vyuo vidogo kabla haujarithiwa na vile vikubwa. Ndiyo maana Stanford ya mwaka 1900, pamoja na utajiri wake, iliendeshwa kama chuo cha familia. Zaidi ya hapo, profesa mashuhuri wa chuo kikubwa alikuwa na soko. Ross alipata kazi kwingine, tena nzuri. Mwalimu wa Kilatini katika mji wa watu elfu kumi hakuwa na pa kwenda, na rais wake alipoandika barua kwa rais mwenzake, mlango wa pili ulifungwa pia. Kanuni za 1940 zilimfaa zaidi huyu asiye na jina kuliko msomi ambaye jina lake lilimtosha kuwa kinga.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mtu anaweza kusema: tatizo halikuwa ukaribu, lilikuwa wadhamini, waondoe hao, walimu wajitawale wenyewe, uone ukaribu utakavyozaa matunda. Jaribio hilo lilifanyika kweli, na lilianza kwa mtu kufukuzwa. Mwaka 1933 katika chuo cha Rollins, Winter Park, Florida, rais Hamilton Holt alimwachisha kazi John Andrew Rice, mwalimu wa lugha za kale. Holt alikuwa mhariri wa zamani aliyejivunia mbinu mpya, maprofesa na wanafunzi wakikaa kuzunguka meza kwa vipindi vya saa mbili badala ya mihadhara. Kwa maneno mengine, hiki kilikuwa chuo kilichoufanya ukaribu kuwa sera. Lakini alipotaka walimu waiunge mkono sera hiyo, wapinzani wakajikuta nje. Lovejoy alisafiri tena kuchunguza. Malalamiko dhidi ya Rice yalihusu jinsi alivyozibeza klabu za wanafunzi na ibada za chuo, hata jinsi alivyovaa ufukweni. Mambo kama hayo hujulikana tu pale watu wanapoishi wakitazamana asubuhi na jioni. Katika chuo kikubwa hakuna rais ambaye angejua suruali ya kuogelea ya mwalimu wake wa Kigiriki. Ripoti ilimlaumu Holt, ila Rice hakurudishwa. Msimu wa vuli mwaka huohuo yeye na wenzake wachache wakafungua chuo chao cha Black Mountain, North Carolina, katika majengo ya kukodi, na wanafunzi wapatao 20.

Black Mountain haikuwa na wadhamini wa nje wenye mamlaka. Walimu walimiliki chuo, wakachagua kamati miongoni mwao, na mwakilishi wa wanafunzi akapewa kiti humo. Walimu na wanafunzi walikula meza moja, wakalima shamba pamoja, na baadaye wakajenga majengo kwa mikono yao kando ya ziwa Eden. Josef Albers na mkewe Anni walifika huko mwishoni mwa 1933, baada ya shule ya Bauhaus kufungwa chini ya shinikizo la Wanazi, na mafundisho yao yaliacha alama kubwa katika sanaa ya Marekani. Mtu akiutaka ushahidi wa ubunifu unaoletwa na udogo, haupungui hapo. Lakini uhuru wa mwalimu ni jambo jingine. Kwa kuwa uamuzi ulifanywa kikaoni na watu wanaoishi chini ya paa moja, kila tofauti ya mawazo iligeuka tofauti ya watu. Rice mwenyewe, mwanzilishi, aliombwa na wenzake apumzike kwa muda mwaka 1938, na mwaka 1940 akajiuzulu. Mwaka 1944 ugomvi mwingine uliwaondoa walimu kadhaa, akiwamo Eric Bentley, aliyekuja kuwa mhakiki mkubwa wa tamthilia. Chuo kilifungwa mwaka 1957, kimechoka kwa madeni na mifarakano. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na katika historia ya Black Mountain wadhamini hawakuwapo wa kulaumiwa. Aliyefukuzwa huko hakuwa na kamati ya nje ya kukimbilia, kwa sababu waliomhukumu walikuwa ndio walimu wenzake.

Lipo pia pingamizi la upande wa pili, kwamba nawaonea wadhamini na makanisa. Hapa ushahidi wangu lazima ukubali kupindwa kidogo, nao unatoka Tougaloo, chuo kilichofunguliwa na wamisionari mwaka 1869 karibu na Jackson, Mississippi, kwa ajili ya Waamerika weusi. Mwaka 1947 alifika hapo Ernst Borinski, Myahudi aliyekuwa mwanasheria Ujerumani kabla ya kuwakimbia Wanazi. Alifundisha sosholojia katika chumba cha chini ya ardhi, na jioni aliandaa mihadhara ambayo wanafunzi weupe wa vyuo vya jirani waliihudhuria. Aliwaambia wanafunzi wake waje mapema na waketi wakiacha nafasi katikati, ili mgeni mweupe akiingia asipate kiti isipokuwa kando ya mweusi. Katika Mississippi ya wakati ule hilo lilikuwa jambo la kumfikisha mtu pabaya. Tarehe 28 Mei 1963 John Salter, mwalimu mwingine wa Tougaloo, aliketi na wanafunzi wake kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth mjini Jackson, kaunta isiyohudumia weusi. Walipigwa, wakamwagiwa sukari, haradali na mchuzi wa nyanya mbele ya wapiga picha. Mwalimu wa chuo cha serikali katika jimbo hilo angekuwa mikononi mwa watawala walewale waliotaka kaunta ibaki ilivyo. Tougaloo ilikuwa na hati yake na wadhamini wake wa kanisa wenye mizizi Kaskazini, na ngao ya Dartmouth ya mwaka 1819 ikafanya kazi: mwaka 1964 wanasiasa wa jimbo walitafuta njia ya kufuta hati hiyo, wakashindwa. Lakini mwaka huohuo, baada ya tume ya jimbo ya kulinda ubaguzi kuwafikia wadhamini, rais Daniel Beittel, aliyewaunga mkono walimu na wanafunzi hao, aliondolewa. Kwa hiyo nakubali kwamba wadhamini waliweza kumkinga mwalimu. Nisichokubali ni kwamba kinga hiyo ilikuwa haki yake. Ilikuwa hisani, na aliyeitoa aliweza kuirudisha mfukoni.

Wengine watasema kwamba kanuni za 1940 ziliwalinda tu waliokwisha kuingia, zikawafungia mlango waliokuwa nje. Ni kweli kwamba maprofesa wakipewa usukani hawawi malaika. Katika chuo cha Amherst, rais Alexander Meiklejohn alileta walimu vijana na masomo mapya, akakutana na upinzani mkali wa maprofesa wakongwe kabla ya wadhamini kumtaka ajiuzulu mwaka 1923. Lincoln University, ambayo ilisomesha weusi tangu katikati ya karne ya 19, kwa miongo mingi ilikuwa na maprofesa weupe watupu. Langston Hughes, alipokuwa mwanafunzi huko, alifanya uchunguzi mwaka 1929 uliowashtua watu, kwa sababu zaidi ya nusu ya wanafunzi aliowauliza walipendelea hali hiyo iendelee. Rais wa kwanza mweusi wa chuo hicho, Horace Mann Bond, alishika kazi mwaka 1945. Mifano hii inaonyesha kwamba ulinzi wa kazi hauleti haki katika kuajiri. Haionyeshi kwamba kuuondoa kungeileta. Mlango wa Lincoln ulifungwa miaka mingi kabla ya kanuni za 1940, katika chuo kidogo ambamo kila mtu alimjua kila mtu, na waliofungiwa nje walikuwa ndio hao ambao wenye chuo hawakuwahi kuketi nao gogo moja. Tena hadithi ya Bennington, Vermont, inawapa jibu wanaodhani chuo kisicho na ajira ya kudumu huwa chepesi na chenye ubunifu zaidi. Mwaka 1994 chuo hicho kilichosifika kwa walimu wasanii kiliwaachisha takriban theluthi moja ya walimu kwa mkupuo, kikafuta hata ulinzi mdogo uliokuwapo. Chama cha maprofesa kilikilaani mwaka uliofuata. Walimu walioondoka wangetaja ukaribu na udugu wa Bennington kwa ufasaha kuliko yeyote, lakini hawakuwa na kifungu cha kukitaja.

Ushahidi wa miaka ya karibuni unaonyesha jambo la kushangaza zaidi, kwamba sauti ya profesa inaweza kugeuzwa silaha dhidi yake. Mwaka 1980, katika kesi ya Chuo Kikuu cha Yeshiva, Mahakama Kuu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba maprofesa wa chuo hicho binafsi, kwa kuwa wanaamua mitaala, alama na uajiri wa wenzao, ni sehemu ya menejimenti, na hivyo hawalindwi na sheria ya vyama vya wafanyakazi. Kile ambacho Finney alikidai Oberlin kama sharti la kwenda kufundisha, sasa kikawa sababu ya kuwanyima walimu wa vyuo binafsi, vidogo vikiwemo, haki aliyo nayo dereva wa basi. Na kanuni zenyewe zina mpaka ambao hakuna kamati inayoweza kuuvuka: haziwezi kumpa mtu kazi katika chuo ambacho hakipo. Mwezi Machi 2015 wadhamini wa Sweet Briar, chuo cha wanawake cha Virginia, walitangaza ghafla kwamba chuo kitafungwa mwaka huo. Maprofesa wenye ajira ya kudumu walipata habari siku moja na wanafunzi wao. Walipiga kura kuupinga uamuzi, lakini waliokiokoa chuo ni wahitimu wa zamani, waliochanga fedha na kwenda mahakamani hadi makubaliano yakapatikana mwezi Juni. Wakati huohuo, katika elimu ya juu ya Marekani kwa jumla, zaidi ya nusu ya walimu leo hawako kabisa kwenye njia ya kuthibitishwa. Wanafundisha kwa mikataba ya muhula au mwaka, nao wamerudi karibu na hali ya yule kijana wa zamani aliyesikiliza ukariri huku akingoja kanisa.

Historia hii inatugusa sisi kwa sababu vyuo vyetu navyo vinaongezeka, na vingi kati ya vipya ni vidogo, vya binafsi na vya madhehebu, vinavyojitangaza kwa kuahidi malezi ya karibu. Afrika Mashariki haikosi kumbukumbu yake ya kutaka maandishi. Mwezi Aprili 1990 jumuiya za wanataaluma wa vyuo vya Tanzania zilipitisha Tamko la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii, na mwezi Novemba mwaka huo wasomi wa Afrika wakatoa Tamko la Kampala. Adui aliyekuwa mbele yao alikuwa dola, na mfadhili wa dhehebu hakuwa kichwani mwao. Kwa hiyo matamko hayo, pamoja na uzito wake, hayajamjibu mhadhiri wa chuo kidogo ambaye mkuu wa chuo ni askofu wake, mwenyekiti wa bodi ni mwenye shule, na mkataba wake ni wa mwaka mmoja. Mhadhiri huyo akiambiwa kwamba hapa sisi ni familia, anaweza kukubali kwa moyo safi na bado akauliza maswali matatu ambayo visa vya Mecklin, Rice na Beittel vinatufundisha kuuliza: mipaka ya kufundisha imeandikwa wapi, nani atanisikiliza nikituhumiwa zaidi ya yule anayenituhumu, na ni wenzangu gani nje ya chuo hiki watakaosoma barua yangu. Chuo chenye majibu ya maswali hayo hakitapoteza ukaribu wake kwa kuyaandika. Kisichotaka kuyajibu kinamwomba mwalimu ategemee tabia njema ya mwajiri, na huko Marekani walimu wa vyuo vidogo waliitegemea kwa karne mbili na zaidi kabla ya kuona haja ya kuungana.